Kutoka kipande hadi uthibitisho bila kufichua: Ukambani na swali la kujitambulisha

Kuna swali ambalo kila anayeandika programu za watu kujisajili hukutana nalo mapema: mtu akitaka kuthibitisha jambo moja, ni mangapi mengine anayoyatoa bila kupenda? Wanahisabati walianza kulijibu mwaka 1985. Watu wa Kitui na Makueni walilijua kwa uchungu tangu miaka ya 1920, kwa hiyo nitaanza na wao, hesabu zitafuata.

Sheria ya kuwaandikisha Waafrika nchini Kenya ilipitishwa mwaka 1915. Vita Kuu ikachelewesha utekelezaji, na kati ya 1919 na 1920 ikaanza kuuma: kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande. Ilikuwa karatasi ndani ya kikopo cha chuma, kikopo kwenye kamba, kamba shingoni. Kijana wa Kitui aliyeondoka kwao kwenda kutafuta kibarua alikwenda nacho. Kupatikana bila hicho kulikuwa kosa la faini au jela.

Sasa hebu tukitazame kipande kama tunavyotazama jedwali kwenye hifadhidata. Kulikuwa na jina, kabila, mahali anakotoka mtu, alama za vidole, jina la mwajiri, aina ya kazi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, mshahara, na nafasi ya mwajiri kutia sahihi kwamba amemwachilia mfanyakazi. Mwajiri mpya alihitaji kuuliza swali moja tu: huyu yuko huru kuajiriwa? Jibu lake ni ndiyo au hapana. Kwa lugha yetu, biti moja. Lakini ili kutoa biti hiyo, mtu alilazimika kufungua kikopo na kumwonyesha mgeni maisha yake yote ya kazi. Mwajiri akishaona kwamba kwingine ulilipwa kidogo, kwa nini yeye akupe zaidi? Na yule wa zamani akikataa kutia sahihi, wewe ni mtoro, na karatasi uliyoibeba mwenyewe ndiyo inayokushtaki.

Harry Thuku na chama chake walikipinga kipande waziwazi mwaka 1921, na Machi 1922, baada ya Thuku kukamatwa, watu walipigwa risasi Nairobi. Kipande kiliendelea. Sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote ilikuja mwaka 1947 na kuanza kutumika 1949, na hapo Wazungu wengi wakalalamika kwamba kuchukuliwa alama za vidole ni kuwafanya wahalifu. (Yaani jambo lililowafaa wengine kwa karibu miaka 30 liligeuka tusi siku lilipowagusa wao.)

Katikati kuna mwaka 1938, ambao Wakamba hawahitaji kukumbushwa. Serikali iliamua ng'ombe wa wilaya ya Machakos wamezidi, ikaanza kuwachukua na kuwauza kwa lazima. Makueni wakati ule ilikuwa sehemu ya Machakos. Muindi Mbingu na wenzake waliwaongoza maelfu ya watu hadi Nairobi, wakapiga kambi huko. Serikali ilirudi nyuma, lakini Muindi mwenyewe akahamishiwa Lamu. Nadhani hofu ya kuandikishwa ambayo bado unaisikia kwa wazee si ushamba. Walishaona kwamba kalamu ya serikali ikipita leo, kesho huenda likaja lori.

Isisemwe kwamba kabla ya karatasi hakukuwa na njia ya kuaminiana. Ukambani kulikuwa na kithitu, kiapo kilichotumika katika kesi za mifugo, madeni na ardhi pale ushahidi ulipokosekana. Aliyeapa uongo aliaminika kuwa atakufa, yeye au jamaa yake. Angalia muundo wake: mwapaji hakulazimika kutoa siri zozote za nyumba yake, alichofanya ni kuupandisha bei uongo hadi mwenye akili aukimbie. Kwa mtu wa usalama wa mitandao huo ni muundo wa kuheshimika. Udhaifu wake ni kwamba unamfunga anayeogopa tu.

Mwaka 1985 Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff walitoa utafiti ulioonyesha kwamba inawezekana kumhakikishia mtu kuwa jambo ni kweli bila kumpa kitu kingine chochote zaidi ya ukweli huo. Mimi nauita uthibitisho bila kufichua. Vitabuni wengine huutolea mfano wa pango la Ali Baba, lakini mimi naona mbuzi wanatosha.

Una mbuzi wawili pacha, weusi ti. Mimi siwezi kuwatofautisha, na mchungaji anadai anaweza. Nawafunga, mmoja kamba ya kushoto, mwingine ya kulia, mchungaji akiwatazama. Kisha nawapeleka nyuma ya ghala, narusha sarafu kimoyomoyo, nawabadilisha au siwabadilishi, nawarudisha. Namuuliza: nimebadilisha? Akibahatisha, atapatia mara moja kati ya mbili. Tukirudia mara 20, mwongo ana nafasi moja kati ya 1,048,576 ya kupatia zote. Baada ya mara 20 nimeamini kabisa, lakini bado sijui anawatofautisha kwa nini: sikio, kwato au mlio. Siri yake iko palepale.

Hapa pana jambo ambalo watu hulipita. Mimi nimeamini kwa sababu sarafu ilikuwa yangu. Ukimwonyesha jirani video ya mchezo wote, ana haki ya kusema tulipanga, maana watu wawili waliokubaliana wangeweza kutengeneza video ileile bila mchungaji kujua chochote. Huo ndio moyo wa hoja: kama ningeweza kuigiza mazungumzo yote peke yangu, basi mazungumzo hayo hayakunipa maarifa mapya. Mwaka 1986 Goldreich, Micali na Wigderson walionyesha kwamba mchezo huu unawezekana kwa karibu kila dai ambalo ushahidi wake kompyuta inaweza kuukagua haraka. Mwaka huohuo Fiat na Shamir wakapata njia ya kuiondoa sarafu ya mkaguzi na kuweka hesabu ya heshi mahali pake, ili uthibitisho utumwe mara moja kama barua. Iliyobaki ilikuwa kazi ya kuupunguza ukubwa. Uthibitisho wa aina ya Groth16, uliotoka mwaka 2016, unaweza kuwa baiti 128 tu. Ujumbe mmoja wa SMS hubeba baiti 140. Kuukokotoa ni kazi ya simu janja, lakini kuupeleka hata kabambe inaweza, na hilo halijaacha kunishangaza.

Turudi nyumbani. Mwaka 2007 M-Pesa ilipoanza, kwa wakala palikuwa na daftari: jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi, sahihi. Lilikaa wazi kaunta, na anayeandika leo aliwasoma wote wa jana. Juni 2021 huduma iliwekwa kwenye eCitizen ya mtu kuangalia kama ni mwanachama wa chama cha siasa, na Wakenya wengi wakajikuta wameandikishwa katika vyama wasivyovijua. Sheria inadai chama kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, na kila mmoja ana namba ya kitambulisho. Wengi wakanyoosha kidole kwenye madaftari kama yale. Iwe yalitoka huko au kwingine, mlango ulikuwa mmoja: namba ile uliyoitoa kuthibitisha jambo dogo ilitosha kumfanya mtu mwingine ajifanye wewe.

Mfano mwingine ni wa Makueni. Mpango wa afya wa MakueniCare, ulioanza mwaka 2016 wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, ulitoza familia shilingi 500 kwa mwaka, na wenye umri wa zaidi ya miaka 65 walitibiwa bila kulipa. Karani wa hospitali anahitaji biti moja: amepita 65? Kwa uthibitisho bila kufichua, serikali inatia sahihi ya kidijitali kwenye tarehe ya kuzaliwa, simu ya mzee (au ya mjukuu) inathibitisha kwamba tarehe iliyotiwa sahihi iko nyuma ya mwaka fulani, na karani haoni tarehe, namba wala jina la baba. Jambo hili si ndoto tena: mwaka 2025 Google iliweka wazi msimbo wa maktaba yake ya kuthibitisha umri kwa njia hiyo.

Lakini hesabu haiwezi kuwa kweli kuliko kilichotiwa sahihi. Wazee wengi wa Ukambani walizaliwa bila cheti, na umri ulihesabiwa kwa majina ya njaa, kama Ngomanisye ya 1898 na 1899, kisha afisa akakadiria mwaka. Uthibitisho utahakikisha kwa ustadi mkubwa kwamba makadirio ya afisa yamepita 65.

Na hauwezi kulinda mlango wa kuingilia. Huduma Namba ya 2019 ilipofika mahakamani, hukumu ya Januari 30, 2020 ilizuia kukusanya DNA na mahali mtu alipo kwa GPS, na Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akasema kadi zenyewe zilianza kutolewa bila tathmini inayotakiwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Halafu ikaja Worldcoin, mradi ambao kwa kweli unatumia uthibitisho bila kufichua, na unautumia vizuri. Mtu anathibitisha mtandaoni kwamba ni binadamu aliyesajiliwa mara moja, bila kusema ni nani. Lakini kwanza apange foleni apigwe picha ya mboni ya jicho, kwa zawadi ya tokeni za takriban shilingi 7,000. Foleni ya KICC Nairobi ilikuwa ndefu hadi serikali iliposimamisha usajili Agosti 2, 2023. Mei 2025 Mahakama Kuu iliona kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kishawishi cha fedha haikuwa halali, na kwamba tathmini ya athari haikufanywa ipasavyo. Ikaamuru data hizo za kibiometriki zifutwe ndani ya siku 7, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data.