German Shepherd au mbwa wa kienyeji? Wadau wa Bukoba na Muleba, someni hii kabla ya kununua

Mtu akiibiwa mbuzi au mikungu ya ndizi kule Nshamba au Kamachumu, majirani humpa ushauri mmoja: tafuta mbwa. Ubishi unaanza kwenye mbwa gani. Huyu anasema chukua German Shepherd, yule wa polisi. Mwingine anasema achana na makuu, chukua wa kienyeji.

Wote wawili ni mbwa wa kazi, wa umbo la kati. German Shepherd alianza kuandikishwa rasmi Ujerumani mwaka 1899 akiwa mbwa wa kuchunga kondoo. Dume ana kilo 30 hadi 40, jike 22 hadi 32. Wa kwetu ni mdogo zaidi, tuchukulie kilo 15, na hana cheti cha ukoo. Lakini asidharauliwe. Ndugu zake wa Kongo walipelekwa Ulaya na Marekani wakaitwa Basenji, jina lenye asili moja na "shenzi" yetu, na mwaka 1943 chama cha mbwa cha Marekani kikawatambua rasmi. Shenzi huyo huyo leo ana cheti.

Sasa tuje kwako. Usianze na mbwa, anza na uzio.

Nyumba nyingi za vijijini Kagera ziko katikati ya kibanja. Mpaka ni mimea tu, na njia ya kwenda kisimani, shuleni au kanisani inapita hatua chache kutoka mlangoni. Mbwa wa kienyeji aliyekulia hapo anawajua wapita njia wote. Mchana analala chini ya mibuni, usiku akisikia mguu asioujua anabweka mpaka wewe na majirani mnaamka. Kazi yake ni kengele, na mara nyingi kengele inatosha, maana mwizi wa ndizi hapendi kelele.

German Shepherd ni habari nyingine. Huyu amezalishwa kwa ajili ya kufundishwa na kulinda mpaka. Asipowekewa mpaka anajiwekea mwenyewe, na mpaka huo unaweza kuwa njia ya watoto wa shule. Akimng'ata mtu, siyo mkwaruzo, na gharama za hospitali, pamoja na ugomvi wa ukoo mzima, zitakuja kwako. Wengine wanadhani dawa ni kumfunga mnyororo kutwa nzima. Hapo ndipo unapomharibu kabisa: anakuwa mkali hovyo, hata kwa wanao. Isitoshe, kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Kwa hiyo huna ukuta na geti? Kwa maoni yangu mjadala umeisha, chukua wa kienyeji. Kama unakaa Kashai au Rwamishenye, una ukuta, na yupo mtu nyumbani wa kumfundisha na kumtembeza kila siku, hapo German Shepherd anaingia akilini. Mwenye duka anayetoka alfajiri na kurudi saa tatu usiku, hapana.

Kuna wanaosema mbwa wa kizungu atashindwa na joto. Kwa Dar sawa, ila Bukoba iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hali ya hewa yake ni ya wastani. Shida ya kwetu ni maji. Mji unapata mvua ya kama milimita 2,000 kwa mwaka, na German Shepherd ana manyoya ya tabaka mbili. Tabaka la ndani likilowa halikauki haraka, na ngozi inaanza vidonda. Atahitaji banda lililoinuliwa kutoka chini, paa lisilovuja, na mtu wa kumchana kila wiki. Wa kienyeji ana manyoya mafupi, jua likitoka kidogo tu kashakauka.

Halafu kuna kupe, na hapa msomaji usipite haraka. Kupe wa mbwa huleta ugonjwa uitwao erlikiosi: homa, kukataa kula, ufizi kuwa mweupe, wakati mwingine damu kutoka puani. German Shepherd anajulikana na madaktari wa mifugo kwa kuupata vibaya kuliko mbwa wengi. Wa kienyeji naye anaugua, si wa chuma. Mkague kila jioni masikioni na katikati ya vidole, hasa kama kuna ng'ombe karibu. Na tafadhali, usimmwagie dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia kipimo. Muulize afisa mifugo wa kata kwanza.

Chakula nacho kina hesabu yake. Mbwa wa kilo 30 anahitaji nguvu karibu mara mbili ya wa kilo 15. Ukipima kwa unga wa mahindi peke yake ni kama kilo 12 kwa mwezi dhidi ya 7, na mbwa haishi kwa ugali mtupu: weka dagaa, mifupa yenye nyama, mabaki ya samaki yaliyotolewa miiba. Jambo moja la kwetu Kagera: kahawa iliyoanikwa uani ni sumu kwa mbwa wa aina yoyote, na robusta ndiyo kali zaidi. Watoto wa mbwa hutafuna kila kitu, kwa hiyo wafungie mbali na mkeka wa kahawa.

Ukiamua German Shepherd, jihadhari na chotara anayeuzwa kwa jina kubwa. Omba kumwona mama, mwangalie anavyotembea, kwa sababu ugonjwa wa nyonga hurithiwa. Mtoto asiondolewe kwa mama kabla ya wiki 8.

Yeyote utakayemchagua, chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akifikisha miezi 3, kisha irudiwe kila mwaka, na kadi uitunze. Mtu akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki.