Mama Aliyeondoka na Mama Asiyeulizwa: Malezi na Mimba za Utotoni Katavi

Tangu utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2015-16 uonyeshe kwamba asilimia 45 ya wasichana wa mkoa wa Katavi wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba, dhidi ya asilimia 27 nchini kote, lawama imepata mwenyewe: mama. Kaolewa kwingine, au kahamia shamba la mpunga msimu mzima, binti kamwacha kwa bibi. Hukumu hiyo, inayosikika sana mjini Mpanda, imefunga aina kadhaa za kutokuwepo katika kanga moja.

Mzizi wake wa kinadharia unajulikana: ripoti ya John Bowlby kwa Shirika la Afya Duniani ya 1951, iliyoegemea sana watoto wa vituo vya malezi na hospitali. Mtoto wa Wapimbwe, mojawapo ya makabila ya Katavi, aliyebaki kwa bibi mzaa mama hakuachwa kituoni. Ana mama wakubwa na mama wadogo, na Kiswahili hakikuwaita hivyo kwa adabu tu.

Ushahidi mzito umetoka mkoani humu humu. Monique Borgerhoff Mulder, aliyeanza kuwatafiti Wapimbwe miaka ya 1990, alikuta ndoa zinavunjika na kufungwa upya mara kwa mara. Nadharia iliyozoeleka ingetabiri kwamba mwanamume ndiye anayenufaika na mzunguko huo. Makala yake ya 2009 ilikuta kinyume: wanawake walioolewa mara nyingi zaidi ndio waliokuwa na watoto wengi zaidi waliobaki hai, na kwa wanaume faida hiyo haikuonekana. Mimi nasoma hapo jambo ambalo yeye huenda asilikubali lote: mama anayemwacha mume asiyelima anaweza kuwa bado analea. Anatafuta ghala lenye chakula.

Nitaambiwa kwamba Rebecca Sear na Ruth Mace, walipopitia tafiti za jamii nyingi mwaka 2008, walikuta kifo cha mama kinahatarisha uhai wa mtoto kila mahali. Ni kweli, ila kaburi si ndoa ya pili. Wala uhai wa mtoto mchanga hautuelezi mwenendo wa msichana wa miaka 16. (Kisu hiki kinanikata na mimi: kubaki hai si kuepuka mimba.)

Kuna kutokuwepo kwingine ambako walaumu hawakuhesabu. Sehemu ya mimba hizo imo ndani ya ndoa, na Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 13, iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15. Kifungu cha 17 kiliweka ridhaa mikononi mwa baba. Zamu ya mama ilikuja baba akishakufa. Katika shauri la mwanaharakati Rebeca Gyumi la kupinga ndoa hizo, Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu vya 13 na 17 vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Kwa sheria ile, mama hakuwepo hata alipokuwa jikoni akisikia ng'ombe wa mahari wakihesabiwa uani. Madodoso yetu huuliza kama binti aliishi na mama yake. Sijaona linalouliza nani aliitwa kikaoni siku ya posa.