Kijani na Manjano Baada ya Mfalme: Hoja Kuhusu Maana ya Bendera ya Brazil

Mtoto wa Brazil hufundishwa kwamba kijani cha bendera ni misitu na manjano ni dhahabu. Wanahistoria wamezoea kumsahihisha: kijani ni rangi ya ukoo wa Bragança, ukoo wa Pedro I, mfalme wa kwanza wa Brazil, na manjano ni ya Habsburg-Lorraine, ukoo wa mkewe Leopoldina. Kuhusu chimbuko hilo sina ubishi. Ninachokipinga ni hatua inayofuata, pale chimbuko linapofanywa kuwa maana pekee ya kweli na tafsiri ya wananchi kuitwa uongo.

Tuanze na maandishi ya dola yenyewe. Amri ya 18 Septemba 1822, iliyotolewa siku 11 baada ya uhuru kutangazwa, ilizitaja rangi za taifa kuwa kijani cha majira ya kuchipua na manjano ya dhahabu. Maneno hayo ni ya mimea na madini, hayataji ukoo. Ushahidi mzito zaidi, hata hivyo, ni Amri Na. 4 ya 19 Novemba 1889, iliyotiwa saini siku nne tu baada ya mfalme kupinduliwa. Bendera mpya ilibuniwa na wafuasi wa falsafa ya Auguste Comte, Raimundo Teixeira Mendes na Miguel Lemos, wakisaidiwa na mwanaastronomia Manuel Pereira Reis na mchoraji Décio Villares. Watu hawa hawakuwa na huruma na ufalme: waliing'oa ngao yenye taji, wakaweka anga ya Rio de Janeiro na kaulimbiu ya Utaratibu na Maendeleo. Lakini uwanja wa kijani na umbo la almasi la manjano, ambavyo mchoraji Debret alimchorea Pedro I, havikuguswa. Utangulizi wa amri unaeleza sababu: rangi hizo zinakumbusha mapambano na ushindi wa jeshi la nchi kavu na la majini, na, bila kujali aina ya serikali, zinawakilisha kudumu na umoja wa nchi. Kifungu hicho kuhusu aina ya serikali ndicho kilichokata kitovu. Kwa sheria, rangi ziliacha kuwa mali ya nasaba.

Atakayepinga atasema kwamba serikali iliyoletwa na wanajeshi ilikuwa na kila sababu ya kulisifu jeshi. Ni kweli, na hilo linaipa hoja yangu nguvu: maana iliandikwa na waliokuwa na haja nayo, kama ilivyokuwa mwaka 1822. Pingamizi kwamba lugha ya 1822 ilikuwa pambo la ikulu lina uzito zaidi. Huenda kila mtu pale ikulu alizitambua rangi za bwana na bibi harusi. Hata hivyo, dola changa iliyokuwa ikijitenga na Ureno haikuona vyema kuliandika hilo, na ukimya wa sheria nao ni ushahidi.

Nyota za anga ile ya bendera zinaonyesha tofauti iliyopo kati ya alama yenye maana moja na rangi. Kila moja inawakilisha jimbo au Wilaya ya Shirikisho. Spica, iliyo peke yake juu ya utepe wenye kaulimbiu, ni jimbo la Pará. Kwa hiyo majimbo yalipoongezeka, sheria ilibidi ibadilike: nyota zilikuwa 21 mwaka 1889, na tangu 1992 ni 27. Rangi hazikuhitaji marekebisho yoyote, nadhani kwa sababu maana yake haikuwahi kufungwa kwenye kitu kimoja, na msitu una haki ndani yake sawa na Bragança.