Nani Aliyeonyesha Nyumba?

Kabla hakimu hajauliza ni nani mkweli na ni nani mwongo, hana budi kujua kwanza kama aliyeshtakiwa amepata habari ya kuwa ameshtakiwa. Na katika miji ya pwani yetu, ambako kwa karne nyingi nyumba haikuwa na nambari wala kichochoro hakikuwa na jina lililoandikwa ukutani, habari hiyo haikumfikia mtu ila kwa kupita kinywani mwa mtu mwingine amjuaye, yeye na mtaa wake. Serikali zimekuja na kuondoka, na kila moja imeleta daftari lake, lakini shahidi huyo wa mtaani hakuna iliyoweza kumwepuka.

Makadhi wa Kishafii waliohukumu Lamu, Mombasa na Unguja walisoma Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, na humo mambo haya yamekwisha kupangwa kwa uangalifu mkubwa. Mtu aliyemo mjini huitwa ama kwa muhuri wa udongo au alama nyingine ambayo kadhi humpa mudai akamwonyeshe mdaiwa, ama kwa mtumishi aliyewekwa kwa kazi hiyo. Naye akikataa pasipo udhuru, wasaidizi wa sultani humleta, na hutiwa adabu. Njia ile ya kwanza ina hekima yake, maana hapana ajuaye makazi ya mdaiwa kuliko yule anayemdai, ingawa pia ina hatari yake, kwa kuwa mtu huyo huyo ndiye apataye faida mwenziwe asipotokea. Kwa aliye ghaibu kuna masharti mazito zaidi. Haihukumiwi juu yake ila akiwa mbali kupita mwendo ambao mtu atokaye mapema hurejea kwao usiku ule, au akiwa karibu lakini amejificha au amekaidi. Na hata bayana ikisimama, mudai huapa kwamba haki ile ingali juu ya mdaiwa wake. Kadhi akimwandikia kadhi wa mji mwingine, humtaja mdaiwa kwa jina, nasaba na sifa zitakazompambanua. Na aliyeshikwa akisema kwamba yeye siye aliyeandikwa, husadikiwa kwa yamini yake mpaka mudai athibitishe kwamba jina na nasaba ile ni yake. Hivyo basi barua haikuaminiwa peke yake. Iliaminiwa pamoja na watu.

Na watu wa pwani hawakuwa wepesi kushikika mahali pamoja. Mfanyabiashara aliyesafiri kwa kaskazi na kurejea kwa kusi aliweza kuwa na mke Unguja na mke mwingine Lamu au Shihiri, na kote kuwili akawa mwenyeji, akizika na kuoza pamoja na majirani. Msimu wa karafuu ulipowadia, familia za mjini zilihamia mashamba, na mtu aliyebisha hodi mjini aliambiwa tu kwamba mwenyewe yuko shamba, bila ya kutajiwa shamba lipi. Jibu hilo laweza kuwa kweli tupu, laweza pia kuwa hila, na mgeni hana njia ya kutenga moja na jingine.

Waingereza walipoimarisha mahakama zao walileta sheria za Bara Hindi, kwanza Unguja kwa ajili ya raia wao wa Kihindi waliokuwa chini ya mahakama ya balozi, kisha kwa mapana zaidi. Na Kanuni ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1908 ilitumika Tanganyika hadi nchi ilipotunga yake mwaka 1966, kwa mtindo ule ule. Amri ya Tano ya kanuni hiyo yastahili kusomwa polepole. Tarishi huanza kwa kumtafuta mdaiwa mwenyewe. Asipompata, wala mdaiwa hana wakili wa kumpokelea, aweza kumpa samansi mwanamume mzima wa jamaa yake akaaye naye, na mtumishi wa nyumbani hahesabiwi kuwa jamaa. Jitihada zote zikishindikana, hubandika nakala kwenye mlango wa nje wa nyumba ambamo mdaiwa hukaa kwa kawaida au hufanyia kazi yake, kisha hurudisha asili mahakamani pamoja na maelezo: amebandika katika hali gani, na jina na makazi ya mtu aliyemwonyesha nyumba ile na kushuhudia akibandika. Maneno haya ya mwisho ndiyo kitovu cha kanuni nzima. Mtunga sheria alifahamu kwamba mlango hausemi ni wa nani.

Walakini sheria iliyotungwa kwa Bara Hindi, na juu ya misingi ya Kiingereza, haikuijua nyumba ya Kiswahili. Katika miji kama Lamu mume aghalabu huhamia kwa mke, na nyumba ni mali ya mke aliyopewa na wazazi. Tarishi afikaye mchana hukuta wanawake watupu nyuma ya pazia, ambao kwa kanuni ile hawakuweza kupokea hati, na huku wanaume wenye habari zote wamekaa barazani nyumba ya pili wakimtazama. Kwa maoni yangu hapo sheria ilikosa adabu na faida kwa pamoja, kwani mwenye nyumba alihesabiwa kama hayupo nyumbani mwake. India yenyewe iliondoa sharti hilo la mwanamume mwaka 1976.

Kodi nayo iliharibu ulimi wa jirani. Tangu Wadachi walipoweka kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza wakaendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa, mtu aliyekuja na karatasi akiuliza nani anakaa hapa alikuwa, kwa kadiri watu walivyoona, mtu wa kodi. Na jumbe aliyeorodhesha nyumba kwa ajili ya akida ndiye huyo huyo aliyemwongoza tarishi. Si ajabu basi kwamba watu wengi walihama katika vinywa vya majirani zao bila ya kutoka vitandani mwao.

Baada ya uhuru utemi ulifutwa Tanganyika mwaka 1963, na kazi ya kujua nani anakaa wapi ikaangukia mjumbe wa nyumba kumi wa TANU. Zanzibar sheha angali nayo hadi leo. Barua hazikupelekwa milangoni bali katika masanduku ya posta, na sanduku halina kitanda wala kizingiti. Mwaka 2022, Tanzania ilipojitayarisha kwa sensa ya Agosti, ndipo serikali ilipoendesha operesheni ya anwani za makazi, ikabandika nambari za nyumba na vibao vya barabara hata vijijini. Kazi hiyo ni njema, lakini nambari yaonyesha nyumba tu. Haionyeshi kama mdaiwa angali akaa humo au amehama tangu mwaka juzi.

Kwa hiyo nawaomba mahakimu wetu, wanapotakiwa kusikiliza shauri la upande mmoja, wasiridhike na tarehe na muhuri katika kiapo cha tarishi, bali watafute humo jina la mtu aliyeonyesha nyumba. Na ikiwa jina halimo, wamrudishe tarishi akaulize upya.