Mwenye Neno na Mwenye Mtambo

Tangu watu wa Afrika Mashariki walipoanza kujadiliana mambo ya utawala hadharani, watawala wao wamekabiliwa na tatizo moja lisilobadilika, ijapokuwa zana za mjadala zimebadilika mara nyingi: neno likishatoka kinywani halina mpini wa kushikia, na aliyelisema hujificha kwa urahisi kati ya maelfu ya wasemaji wenziwe, lakini chombo kinacholichukua neno hilo na kulieneza aghalabu kina mwenyewe, na mwenyewe huyo ana jina, ana mlango, na ana mali inayoweza kufilisiwa. Haiwezekani basi kueleza historia ya uhuru wa kusema katika nchi zetu, tangu zama za majahazi hadi zama za intaneti, kwa kuwataja wasemaji peke yao, tukawasahau wenye mitambo.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa chini ya ukoo wa Wamazrui ilipokuwa ikigombana na Lamu, na baadaye na Seyyid Said wa Omani, mjadala wa siasa ulifanywa kwa mashairi. Muyaka bin Haji, aliyezaliwa Mombasa yapata mwaka 1776 na kufariki yapata mwaka 1840, alitunga beti za kuwatia watu wake ushujaa na kuwakejeli mahasimu wao. Nao watu wa Lamu, Bwana Zahidi Mgumi akiwa miongoni mwao, wakamjibu kwa beti zenye ukali na ustadi uo huo, katika zama zile zile za vita vya Shela, ambako jeshi la Mombasa na Pate lilivunjwa yapata mwaka 1812. Shairi lilisafiri pamoja na mabaharia, likashuka pwani pamoja na shehena, likasomwa barazani, na kabla pepo hazijageuka jawabu lake lilikuwa limekwisha tungwa. Aliyetaka kuliua hakuwa na karatasi ya kuchoma wala duka la kufunga. Ilimpasa kulijibu, tena kwa vina na mizani, kwa sababu hadhira iliyokuwa ikisikiliza ilimdharau mwenye kutukana waziwazi na kumheshimu mwenye kufumba. Tusidhani kuwa huo ulikuwa uhuru wa watu wote, maana baraza lilikuwa na wenyewe, na mtumwa hakuulizwa rai yake. Lakini ndani ya mipaka ile neno lilijibiwa kwa neno, na nguvu ya hifadhi yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwishoni mwa karne ile Mwalimu Sikujua aliweza kumkusanyia mmisionari William Taylor tungo za Muyaka zilizokuwa zingali hai vichwani mwa watu wa Mombasa, zikaja kuchapwa kitabuni na William Hichens mwaka 1940, miaka mia moja baada ya mtunzi kuzikwa.

Mtambo wa chapa ulipoingia, mambo yaligeuka. Magazeti ya awali ya Kiswahili hayakutoka mikononi mwa wenyeji: Habari za Mwezi lilitolewa na wamisionari wa Kiingereza kule Magila, na Kiongozi likatolewa na serikali ya Kijerumani katika shule yake ya Tanga mwanzoni mwa karne ya 20. Waingereza walipoitwaa Tanganyika, Idara ya Elimu ilianzisha Mambo Leo mjini Dar es Salaam mwezi wa Januari 1923, nalo likawa kwa muda wa miaka mingi uwanja mkubwa kuliko wote wa kukutanisha wasomaji wa bara na pwani. Humo karani wa reli aliweza kumuuliza swali mwalimu asiyemjua aliye mbali naye safari ya siku kadhaa, na washairi wakaulizana, wakajibizana na kukosoana kwa utaratibu ule ule wa kale. Hata hivyo tofauti na zama za Muyaka ilikuwa kubwa mno, kwa kuwa sasa kati ya mwenye neno na msikilizaji wake alikaa mhariri, na mhariri alikuwa mtumishi wa serikali. Hapo ndipo fumbo lilipopata kazi mpya. Saadani Kandoro, aliyekuja kuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha TANU, aliandika juu ya siafu walioungana wakamtia nyoka taabuni. Afisa wa Kizungu angeweza kuona humo wadudu na mtambaazi tu, ilhali msomaji wa Kiafrika alikwisha jua siafu ni nani na nyoka ni nani.

Fumbo hata likiweza kumpita mhariri, haliwezi kuipita sheria inayomtazama mwenye mtambo kabla hajachapa hata herufi moja. Huko Uganda sheria ya mwaka 1910 ilimtaka mchapishaji wa gazeti aweke dhamana ya fedha, na Tanganyika nayo ikapata Sheria ya Magazeti mwaka 1928, iliyoweka masharti ya kuyaandikisha. Watunga sheria wa kikoloni waliielewa vema hila iliyomo katika dhamana. Gazeti la tajiri huweka fedha zake likaendelea na shughuli. Gazeti la maskini, hata likiwa halijamkosea mtu, huzuiwa mlangoni, na kuzuiwa huko hakuhesabiwi kuwa ni kunyamazishwa, kwa kuwa hakuna aliyekamatwa wala aliyehukumiwa. Serikali huwa imechagua nani asisikike pasipo kulazimika kutamka kuwa imechagua.

Pamoja na vikwazo hivyo, walikuwako watu walioanzisha karatasi zao wenyewe. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, akijadili humo elimu ya Waislamu, unyonge wao mbele ya wageni, na desturi za Kizungu alizoona zinafuatwa bila kupimwa. Al-Islah halikudumu muda mrefu, lakini makala zake teule zilikusanywa baadaye katika kitabu Uwongozi, zikaendelea kusomwa. Dar es Salaam, Erica Fiah, mtu wa asili ya Uganda aliyekuwa mfanyabiashara wa mjini, alianzisha Kwetu mwaka 1937, gazeti la kwanza lenye sauti kubwa la Mwafrika katika Tanganyika ambalo halikuwa mali ya serikali wala ya misheni. Humo mliandikwa juu ya mishahara, bei za mazao na kiburi cha watawala, kwa fedha ambazo aghalabu hazikutosha.

Upepo wa uhuru ulipovuma, serikali ya kikoloni iliutumia mpini iliouzoea. Mwaka 1958 wahariri wa gazeti la Mwafrika walifungwa kwa kosa la uchochezi, na mwaka uo huo Julius Nyerere, kiongozi wa TANU, alitiwa hatiani kwa kuwakashifu maofisa wa wilaya katika Sauti ya TANU, akapewa hiari ya kulipa faini ya shilingi 3,000 au kukaa gerezani miezi sita, faini ikalipwa. Katika kesi ile mwenye neno na mwenye mtambo walikuwa mtu mmoja, na yamkini ndiyo sababu hukumu ilimwongezea heshima badala ya kumpunguzia, kwa kuwa hakuwapo mwingine nyuma yake wa kutajwa.

Waama, mtu angetazamia kuwa waliopatwa na sheria hizo wangezizika siku bendera ya mkoloni iliposhushwa. Haikuwa hivyo. Tanzania, gazeti la The Standard lilitaifishwa mwezi wa Februari 1970, na Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, iliyotungwa chini ya Rais ambaye mwenyewe aliwahi kusimama kizimbani kwa makala, iliyarithi masharti ya kuandikisha magazeti na kuipa serikali uwezo wa kulifungia gazeti kwa jina la amani na maslahi ya umma. Hoja iliyotolewa ni kwamba taifa changa na maskini halimudu fitina. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake kwa wakati ule, lakini sheria hiyo ilidumu miaka 40, hadi mwaka 2016, na taifa lililokuwa changa lilikwisha pata wajukuu.

Kabla ya sheria hiyo kuondoka, mtambo ulikuwa umekwisha badilika tena. Mwaka 2006 Maxence Melo na Mike Mushi walianzisha ukumbi wa intaneti uliokuja kujulikana tangu mwaka 2008 kwa jina la JamiiForums, ambamo Mtanzania aliyeko Mwanza na mwenziwe aliyeko ng'ambo walijadiliana kwa Kiswahili juu ya mikataba ya serikali, ubora wa simu na bei za vifurushi, kila mmoja akijulikana kwa lakabu aliyojichagulia. Mwezi wa Februari 2008, katika siku ambazo kashfa ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond ilimwondoa Waziri Mkuu Edward Lowassa madarakani, waasisi hao walikamatwa na polisi kisha wakaachiliwa. Mwezi wa Julai 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM ulianza kazi katika pwani yetu, na kilichokuwa anasa ya maofisi machache kikaanza kuingia mifukoni mwa watu wa kawaida. Kwa mara ya kwanza tangu siku za mabaharia wa Muyaka, neno liliweza kuvuka nchi na kujibiwa kabla mhariri yeyote hajalitia mkono. Na hata neno la ovyo, la uzushi au la chuki, lilifaidi uhuru uo huo.

Wengi walidhani basi kuwa mpini umepotea. Serikali iliutafuta ikauona pale pale ulipokuwa siku zote. Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika Septemba 2015, inampa ofisa wa polisi, katika kifungu chake cha 32, uwezo wa kuamuru taarifa zilizohifadhiwa katika kompyuta zitolewe kwa ajili ya upelelezi, pasipo kupita kwanza kwa hakimu. Mwezi wa Desemba 2016 Melo alikamatwa, akashtakiwa kwa kuzuia upelelezi, maana hakukubali kuwatoa wachangiaji walioandika kwa lakabu, na fauka ya hayo kwa kuendesha tovuti isiyosajiliwa kwa anwani ya Tanzania. Kesi zake ziliendelea kwa miaka. Aprili 2020 alihukumiwa katika mojawapo kulipa faini ya shilingi milioni 3 au kwenda jela mwaka mmoja. Hakushtakiwa kwa neno alilolisema yeye. Alishtakiwa kwa kuwa mlinzi wa maneno ya wengine.

Dhamana ya mwaka 1910 nayo ilirudi kwa vazi jipya. Mwezi wa Machi 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wenye blogu na kumbi za mijadala kukata leseni, na jumla ya ada ilipita shilingi milioni 2. Mwezi wa Juni mwaka uo huo JamiiForums ilifunga milango kwa muda, na blogu nyingi ndogo zilizokuwa zikiandikwa na vijana kwa mapenzi tu zikanyamaza pasipo kesi wala hukumu. Uganda ilitoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila atumiaye mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, baada ya Rais Museveni kulalamikia umbeya wa mitandaoni. Kodi hiyo ikafutwa mwaka 2021, mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Katika nchi zote mbili aliyelengwa ni yule yule wa zamani, mtu asiye na fedha.

Hoja ya watawala haifai kubezwa, kwa kuwa eneo letu lina ushahidi mbaya kabisa wa madhara ya neno. Huko Rwanda redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, na gazeti la Kangura, vilichochea mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na mwezi wa Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wakuu watatu wa vyombo hivyo. Lakini tuitazame redio hiyo kwa makini. Ilikuwa na kibali, watangazaji wake walitangaza kwa majina yao, na waliowekeza fedha ndani yake walikuwa watu wakubwa wa dola. Masharti yote mawili ambayo sheria zetu zimekuwa zikiyadai tangu ukoloni, jina na fedha, yalitimizwa barabara, wala hayakumwokoa hata mtoto mmoja. Kilichokosekana ni watu wasio na fedha wala vyeo, walioweza kuwajibu watangazaji wale kwa sauti kubwa kama yao bila kuogopa kuuawa.

Ndipo tunapofika kwenye hukumu mbili za Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha pia. Mwezi wa Mei 2015 mahakama hiyo iliamua kuwa kifungu cha sheria ya Burundi kilichowalazimisha waandishi kufichua vyanzo vyao vya habari kinapingana na Mkataba wa Jumuiya. Na mwezi wa Machi 2019 ikaamua vivyo hivyo juu ya vifungu kadhaa vya sheria ya Tanzania ya mwaka 2016, ile iliyochukua nafasi ya sheria ya 1976. Hukumu hizo hazikuifuta hata sheria moja papo hapo, wala hazikugusa moja kwa moja kumbi za intaneti, lakini ile ya Burundi imeweka kwenye kumbukumbu za mahakama kanuni ambayo katika karne nzima ya magazeti haikupata kutamkwa na chombo cha Jumuiya yetu: kwamba anayeyahifadhi maneno ya wengine ana haki ya kuwahifadhi wenyewe pia. Mjadala wa siasa na wa teknolojia utaendelea, na kesho mtambo utakuwa mwingine. Litakalobaki kuamuliwa ni kama anayetaka jina la msemaji atalipata kwa kubisha hodi kwa mwenye mtambo, ama itampasa kwanza athibitishe mbele ya hakimu, kwa kosa lililotajwa na ushahidi uliowekwa mezani, kwamba ana haki ya kuliuliza.