Uchanganuzi wa picha za setilaiti katika ujasusi

UCHANGANUZI wa picha za setilaiti ni ustadi wa kutambua, kutokana na picha iliyopigwa kutoka angani, kilichopo ardhini, kinachofanyika hapo na, inapowezekana, nia ya anayekifanya. Mambo mawili ya kwanza hufunzika darasani. Hilo la tatu ndilo lililowatia wakubwa wengi aibu.

Setilaiti ya kwanza kupiga picha za kijasusi na kuzirejesha duniani ilikuwa ya mradi wa Corona wa Marekani, mnamo Agosti 1960. Filamu iliteremshwa kwa mwavuli ikiwa ndani ya kasha, nayo ndege ikalidaka hewani karibu na visiwa vya Hawaii. Safari hiyo moja ilionyesha eneo kubwa zaidi la Muungano wa Kisovieti kuliko safari zote za ndege za U-2 zilizoitangulia. Mradi ulikwisha 1972. Baada ya setilaiti ya KH-11 kurushwa Desemba 1976, picha zilianza kufika kwa mawimbi ya redio, pasi na kungojea kasha.

Mchanganuzi huanza na mambo madogo: umbo, ukubwa, rangi, mpangilio, kivuli na mazingira. Akijua tarehe na saa ya picha, hujua pembe ya jua, na kutokana na urefu wa kivuli hukokotoa kimo cha mnara. Hata hivyo, kivuli hicho hicho hupotosha, kwani picha ikigeuzwa ili vivuli vielekee mbali na mtazamaji, bonde huweza kuonekana mlima. Mpangilio nao husema mengi. Vituo vya Kisovieti vya makombora ya SA-2 ya kutungulia ndege kwa kawaida vilikuwa na mitambo sita ya kurushia iliyoizunguka rada, na aliyelizoea umbo hilo hakuhitaji kuliona kombora lenyewe.

Mazoea ya namna hiyo ndiyo yaliyoamua mambo nchini Cuba, ingawa picha zilipigwa na ndege. Mnamo Oktoba 14, 1962, U-2 ilirejea na picha 928. Siku iliyofuata, wataalamu wa Arthur Lundahl mjini Washington walipima vitu virefu vilivyofunikwa turubai, wakavilinganisha na makombora yaliyokuwa yakionyeshwa katika magwaride ya Moscow na maelezo ya kiufundi yaliyotolewa na Kanali Oleg Penkovsky, Msovieti aliyewafanyia ujasusi Wamagharibi. Rais John Kennedy alionyeshwa picha hizo Oktoba 16. Nduguye Robert aliandika baadaye kwamba yeye aliona kama shamba lililofyekwa tu. Ilibidi awaamini wataalamu.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Katika kazi hii huambiwa, na huambiwa pia pa kutazama. Mwaka wa 1944 ndege za upelelezi za mataifa yaliyopigana na Ujerumani zilipiga picha kiwanda cha I.G. Farben nchini Poland. Wachanganuzi walikichunguza kiwanda. Kambi ya mauaji ya Auschwitz, iliyokuwa katika filamu hizo hizo, haikutambuliwa ilivyokuwa hadi Dino Brugioni na Robert Poirier wa shirika la ujasusi la CIA walipozichunguza upya na kuchapisha matokeo yao 1979.

Iraq ilileta kosa la aina nyingine. Mnamo Februari 5, 2003, Waziri wa Mashauri ya Kigeni wa Marekani, Colin Powell, alilionyesha Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa picha za maghala ya Taji, akisema gari lililoegeshwa hapo lilikuwa la kusafishia sumu. Siku tisa baadaye, Hans Blix, mkuu wa wakaguzi wa silaha, alilieleza baraza hilo kuwa shughuli zilizoonekana zingeweza kuwa za kawaida. Uvamizi ulianza Machi, na maghala ya silaha za kemikali yaliyohofiwa hayakupatikana.

Tume iliyoteuliwa na Rais George Bush iliripoti 2005 kwamba wachanganuzi waliyategemea mno malori ya tangi yaliyodhaniwa kuhusiana na kemikali. Isitoshe, waliona malori mengi zaidi wakakata kauli kuwa shughuli zimeongezeka, ilhali kilichoongezeka ni idadi ya picha zilizopigwa. Ni sawa na bawabu aliyezoea kumulika kurunzi mara mbili kwa usiku, aanze kumulika mara kumi, kisha aripoti kuwa paka wamezidi.

Ustadi huu si wa serikali pekee tena. Setilaiti ya kibiashara ya IKONOS, iliyorushwa Septemba 1999, ilionyesha vitu vya ukubwa wa mita moja. Siku hizi kampuni huuza picha za sentimita 30. Uso wa mtu hautambuliki katika picha hizo, sinema zidanganye zitakavyo, lakini mwili uliolala barabarani huonekana. Mnamo Aprili 2022, Urusi ilipodai kuwa maiti zilizopatikana Bucha, Ukraine, ziliwekwa baada ya majeshi yake kuondoka mwishoni mwa Machi, waandishi wa habari walizilinganisha video za mtaa wa Yablonska na picha za setilaiti za katikati ya mwezi huo. Vitu vyeusi vya ukubwa wa mtu vilikuwa pale pale, majeshi hayo yakiwa bado mjini.