Antena inayozungushwa kwa mota: Namna inavyoundwa na mahali inapofaa

BUNA, mji mdogo ulioko kwenye barabara ya kutoka Wajir hadi Moyale, katika Kaunti ya Wajir, ni mfano mwafaka wa mahali ambapo mwelekeo wa antena ya televisheni una maana kubwa. Moyale iko kaskazini-magharibi, takriban kilomita 100 kwa mstari ulionyooka. Wajir iko kusini-mashariki, takriban kilomita 130. Antena inayoelekezwa mji mmoja huupa mwingine mgongo.

Antena inayotumika sana kwenye mapaa ni ile ya Yagi-Uda, iliyobuniwa nchini Japani miaka ya 1920 na Hidetsugu Yagi na Shintaro Uda. Ina kijiti kimoja kinachopokea mawimbi, kingine nyuma yake kinachoyarudisha, na vijiti kadhaa mbele vinavyoyaelekeza. Kijiti cha kupokea hukaribia nusu ya urefu wa wimbi. Kwa masafa ya megahezi 500, hiyo ni sentimita 30. Kadiri vijiti vya mbele vinavyoongezeka, ndivyo antena inavyopokea vyema kutoka upande mmoja na kuziba masikio kwa pande nyingine. Hapo ndipo haja ya kuizungusha inapozuka.

Mota na gia

Mota ya volti 12 inatosha, kwa kuwa inaweza kutumia betri inayochajiwa kwa paneli ya sola. Mafundi wengi hutumia ile ya wipa ya gari. Hata hivyo, mota hiyo huzunguka mara 40 hadi 60 kwa dakika, ilhali antena inahitaji mzunguko mmoja tu kwa dakika. Lazima basi gia za kupunguza mwendo ziongezwe. Gia ya mzinga wenye meno ya parafujo ndiyo bora, kwa sababu hujifunga yenyewe: mota ikizimwa, upepo hauwezi kuigeuza antena. Jambo hili si dogo katika nchi tambarare, kwani kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake huwa mara nne.

Uzito wa antena usiachiwe mota. Ubebwe na beringi iliyofungwa chini ya mlingoti unaozunguka, nayo ifunikwe vizuri ili vumbi lisiingie.

Swichi na kebo

Kugeuza mota upande wa pili hubadilishwa tu njia ya umeme: chanya ikawa hasi. Swichi mbili za kikomo ziwekwe ili mota isimame kabla ya kupita mzunguko mmoja kamili. Bila hizo, kebo itajizungusha kwenye mlingoti hadi ikatike. Kebo yenyewe iachwe na mkunjo uliolegea karibu na beringi.

Ili aliye ndani ya nyumba ajue antena inaelekea wapi, kizuizi-umeme kinachobadilika, mfano wa kile cha kuongeza sauti ya redio, hufungwa kwenye mhimili na kuunganishwa na mita ndogo. Mlingoti nao uunganishwe na ardhi kwa waya mnene kwa ajili ya radi.

Dijitali imebadilisha mambo

Kenya ilipozima matangazo ya analogia mwaka 2015, namna ya kutafuta mawimbi ilibadilika pia. Zamani mawimbi dhaifu yalileta chenga, na mtu aligeuza antena huku akitazama picha ikisafika. King'amuzi cha dijitali huonyesha picha kamili, au huganda na kuonyesha giza, na huchukua sekunde kadhaa kuyanasa mawimbi. Kwa hiyo antena igeuzwe hatua kwa hatua, na kusimamishwa kila mara. Kipimo cha nguvu za mawimbi kilicho kwenye menyu ya king'amuzi ndicho kiwe mwongozo.

Je, inafaa Buna?

Mota haiumbi mawimbi yasiyokuwepo. Mawimbi ya televisheni husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Mnara wa mita 100 na mlingoti wa mita 10 juu ya tambarare huonana hadi kilomita 54 hivi. Mnara ukiwa kwenye mwinuko, kilele chake kikiwa mita 400 juu ya tambarare, umbali huo hufika kilomita 95. Hivyo Buna iko ukingoni kwa upande wa Moyale, na mbali mno kwa upande wa Wajir.

Busara ni kupima kwanza kwa antena ya kushika mkononi, juu ya mlingoti mrefu, kabla ya kununua mota. Mawimbi yakipatikana pande mbili pekee, antena mbili zisizozunguka na swichi moja ya kuchagua zitakuwa rahisi zaidi, wala hazina gia ya kuharibika. Yakikosekana kabisa, ungo wa setilaiti ndio suluhisho. Mota huleta faida ya kweli pale tu ambapo minara inayofikika ni mitatu au zaidi, kila mmoja upande wake.